Kiingereza Darasani: Hamu Inapotelea Wapi?

Kila mwaka, watoto wa darasa la saba wakishamaliza mtihani wao mwezi Septemba, miji ya Tanzania hujaa madarasa ya muda. Mengine yapo kwenye vyumba vya kukodi, mengine kwenye kumbi za makanisa au barazani kwa mwalimu mstaafu. Wenyewe huyaita "pre-form one", na kazi yake kubwa ni kumwonjesha mtoto Kiingereza kabla ya Januari, atakapoingia kidato cha kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa lugha hiyo. Mama anayeuza mbogamboga hutoa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya sare. Watoto huja wenyewe, hakuna anayewasukuma, na madaftari wameyafunika kwa gazeti yasichakae. Aliyewahi kupita karibu na darasa la namna hiyo, akasikia zile sauti zikirudia majina ya siku na ya vyombo vya nyumbani, hawezi kusema kwamba watoto wa Kitanzania hawakitaki Kiingereza.

Wafuate haohao miaka miwili baadaye, wakiwa kidato cha pili katika shule ya kata. Mwalimu anauliza swali, darasa zima linainama. Wa nyuma wanachora pembezoni mwa daftari. Mwite mmoja nje, zungumza naye kwa Kiswahili, atakwambia bila kusita kwamba Kiingereza ni muhimu na kwamba kazi nzuri zote zinakitaka. Kisha ataongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukubali, kuwa yeye hakimwingii. Bado anaithamini lugha ile kama alivyoithamini akiwa na miaka kumi na mitatu. Kilichokwisha ni imani kwamba ataipata.

Kuna maelezo mepesi ya jambo hili, na utayasikia kwenye vikao vya wazazi na vya walimu: watoto wa siku hizi ni wavivu, simu zimewaharibu, nidhamu imeshuka. Maelezo hayo hayanishawishi. Mtoto mvivu asingekwenda pre-form one wakati wenzake wapo likizo. Kama hamu ilikuwapo Desemba na haipo tena kidato cha pili, la busara ni kuchunguza kilichofanyika katikati, na sehemu kubwa ya kilichofanyika ilikuwa ndani ya vipindi vya dakika arobaini.

Wataalamu wa ufundishaji lugha wenyewe walichelewa kuligeukia swali hili. Kwa muda mrefu walichunguza hamu inavyojengwa. Robert Gardner na Wallace Lambert wa Kanada, katika kitabu chao cha 1972, walimtofautisha anayejifunza lugha ili akaribiane na wenye lugha hiyo na anayejifunza ili apate kazi au cheo. Miaka ya 1990 ndipo upande wa pili ulipoanza kuandikwa kwa uzito. Joan Gorham na Diane Christophel walichapisha mwaka 1992 utafiti kuhusu yanayowavunja moyo wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Baadaye Zoltán Dörnyei, Mhungaria aliyekuja kuwa profesa Nottingham, aliwahoji wanafunzi 50 wa sekondari jijini Budapest, wote wakijulikana shuleni kwao kuwa wamekata tamaa na Kiingereza au Kijerumani. Aliwatenga na watu wasiokuwa na hamu tangu mwanzo: hawa waliwahi kuwa nayo, ikapunguzwa na kitu kilichotoka nje yao. Alipowauliza ni kitu gani, mwalimu ndiye aliyetajwa kuliko chochote kingine: mwenendo wake, uwezo wake, namna anavyofundisha. Baada yake zikaja sababu nyingine, kama kujiamini kulikovunjwa na alama mbaya, vifaa duni, kitabu kibovu, kulazimishwa, na hata wanafunzi wenzao.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Japani, Sakai na Kikuchi, walipima jambo hilohilo kwa wanafunzi 656 wa sekondari na kupata picha tofauti kidogo. Kwa Wajapani wengi kilichowaangusha ni maudhui ya masomo yenyewe pamoja na alama za mitihani. Mwalimu hakuwa na uzito ule wa Budapest. Wapo wanaozishindanisha tafiti hizi mbili. Mimi naona zinasimulia kisa kimoja katika sehemu mbili, kwa sababu mwalimu anayefundisha sentensi zisizo na uhai mara nyingi anafuata kitabu alichopewa na mtihani unaomsubiri mwanafunzi wake. Mtoto humwona mwalimu tu, maana ndiye aliyesimama mbele yake.

Lakini mtoto wa Budapest na wa Japani wana bahati moja ambayo wetu hana. Kwao Kiingereza ni somo mojawapo. Akishindwa, bado fizikia ataisoma kwa lugha ya nyumbani. Kwetu, tangu mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi, na sekondari ikaachwa kwenye Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd, kwa fedha za Uingereza, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kiwango cha chini kiasi kwamba wengi hawakuweza kufuata masomo kwa lugha hiyo. Jibu lililotoka likawa mradi wa kuimarisha Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika ngazi zote, na mlango huo haukupitwa. Hadi leo kidato cha kwanza kinaanza kwa Kiingereza, mwanafunzi akivushwa kwa kozi ya wiki chache.

Na anavushwa akiwa na nini? Ripoti za Uwezo, mpango unaopima stadi za watoto za kusoma na kuhesabu, za mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilionyesha kwamba takriban nusu ya watoto wanaomaliza darasa la saba hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto huyo ndiye anayekabidhiwa biolojia, kemia, fizikia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza. Akisoma usiku kucha, hafaulu. Asiposoma, hafaulu vilevile. Wanasaikolojia Martin Seligman na Steven Maier walionyesha mwaka 1967, kwa majaribio ya mbwa, kwamba kiumbe akiona juhudi yake haibadilishi matokeo, huacha kujaribu hata pale njia ya kutokea inapokuwa wazi. Huwa nalifikiria jaribio hilo kila ninaposikia mwanafunzi wa kidato cha kwanza akiitwa mvivu.

Pembeni yake ameketi mwenzake aliyetoka shule ya msingi ya "English medium". Mwalimu akiuliza, huyo ndiye anayejibu. Mwalimu naye, akiwa na mada za kumaliza, anashukuru kuwa kuna mtu wa kujibu, na kipindi kinasonga. Wengine wanajifunza jambo moja kwa ukamilifu: kunyamaza.

Tuingie darasani tuone kipindi chenyewe. Mwalimu anaandika ubaoni kichwa cha somo, kanuni ya kugeuza sentensi ya kutenda kuwa ya kutendwa, na mifano miwili. Mifano hiyo inahusu mtu anayeitwa John na barua. Anasoma mara moja, darasa linarudia. Anauliza kama wameelewa. Sauti themanini zinaitikia "Yes, sir" kwa pamoja, kwa mahadhi yaleyale ya darasa la tatu. Zoezi ni sentensi kumi za kugeuza. Anayejua kanuni anamaliza kwa dakika sita bila kufikiria maana ya hata sentensi moja. Asiyejua anasubiri, kisha anadesa kwa jirani. Dakika kumi za mwisho monita anaandika noti ubaoni na wote wananakili. Kwa kipindi kizima hakuna mtoto aliyesema kwa Kiingereza jambo ambalo mwenzake hakulijua tayari.

Lile itikio la pamoja linastahili kutazamwa kwa makini. Keith Chick, aliyechunguza madarasa ya watoto wa Kizulu Afrika Kusini, alionyesha kwamba kuitikia pamoja kunawalinda wote wawili. Mwalimu hafichuki kuwa somo halijaeleweka, mwanafunzi hafichuki kuwa hajui, na kila mtu anatoka na heshima yake. Casmir Rubagumya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi juu ya hali hiyohiyo katika madarasa yetu. Kwa hiyo hatuwezi kuifuta kwa kuwakemea watoto. Ni kinga, na kinga huvuliwa na mtu aliyehakikishiwa kwamba hatapigwa.

Hofu hiyo ina sababu. Katika shule nyingi monita huandika majina ya waliosema Kiswahili, na majina hupelekwa kwa mwalimu wa zamu. Kwingine mkosaji huvikwa kibao shingoni na kukaa nacho mpaka amkamate mwenzake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya 1986, alieleza desturi hiyo ilivyokuwa Kenya ya kikoloni, watoto wakipokezana kitu cha aibu kwa kosa la kusema Kigikuyu. Imeishi muda mrefu kuliko ukoloni wenyewe. Anayeitetea husema bila kulazimishwa watoto hawatazungumza. Ukweli ni kwamba mtoto asiye na Kiingereza, akikatazwa Kiswahili, hazungumzi chochote. Mapumziko yanakuwa ya minong'ono. Na siku atakapojaribu kusema sentensi mbele ya wenzake, akakosea, darasa likacheka na mwalimu akatabasamu nalo, siku hiyo mtoto wa miaka kumi na mitano, hasa wa kike, huweka nadhiri ya kutofungua mdomo tena.

Sasa tuwatazame wanaofaulu nje ya shule. Pwani ya mashariki ya Unguja, Kiwengwa, hoteli za Waitaliano zimekuwapo kwa miongo kadhaa, na vijana wa vijiji vya pale, wengine wakiwa hawakufika mbali shuleni, wanazungumza Kiitaliano cha kuuzia na cha kutania. Hakuna aliyewawekea kitabu wala mtihani. Kwenye mlima Kilimanjaro, wagumu wanaobeba mizigo ya watalii huanza kazi na maneno machache ya Kiingereza, na baada ya misimu kadhaa baadhi yao wanafanya mtihani wa kuwa waongozaji. Wengi wa vijana hawa shuleni waliandikiwa kuwa hawawezi lugha. Tofauti iko kwenye mazingira. Mlimani kuna mgeni anayetaka kujua ni saa ngapi zimebaki kufika kambini, na jibu analo mgumu peke yake. Akikosea kitenzi, mgeni anaelewa na safari inaendelea. Anachosema kina mtu wa kukisikia.

Hapo ndipo shughuli za darasani zinapopata maana yake. Haziletwi ili kuwachangamsha watoto. Kazi yake ni kuunda, ndani ya chumba chenye wanafunzi themanini, sababu ya kweli ya mtu mmoja kumwambia mwingine jambo.

Chukua imla ya mbio. Mwalimu anaandika kwa mkono habari fupi ya mistari mitano au sita, tuseme kuhusu basi lililoharibika Mikumi usiku, abiria wakasikia simba. Anainakili karatasi nne na kuzibandika ukutani nje ya mlango. Darasa linagawanyika katika makundi ya wanne. Katika kila kundi mmoja anatoka, anasoma kipande kinachomtosha kichwani, anarudi na kumwambia mwandishi, kisha anapokewa na mwingine. Karatasi haiondolewi ukutani. Kelele zitakuwapo, na ni vizuri kumwarifu mwalimu wa darasa la jirani mapema. Tazama kinachotokea. Mkimbiaji anafika mezani na kugundua amesahau kama basi lilisimama kabla ya saa nane au baada yake, anarudi mbio. Mwandishi anauliza neno linaandikwaje. Mwingine anabisha kwamba sentensi haina kitenzi, na kweli haina. Sarufi ile iliyokuwa imekufa ubaoni inahitajika, kwa kuwa bila hiyo habari haieleweki. Yule asiyejua mengi naye ana kazi: anaweza kubeba maneno matano tu kwa safari, lakini matano hayo kundi linayahitaji. Wakimaliza, wanalinganisha na karatasi ya ukutani na kusahihisha wenyewe. Gharama yake ni karatasi nne na gundi.

Ya pili haina hata hiyo gharama. Nusu ya darasa inageuza mgongo ubaoni. Mwalimu anachora picha: nyumba yenye milango miwili, mnazi upande wa kushoto, mbuzi juu ya paa. Kila anayeona ubao anamweleza mwenzake aliyekaa kinyume naye, naye anachora kwenye daftari. Yule mbuzi wa juu ya paa ana umuhimu wake, kwa sababu mwanafunzi anayechora hawezi kumbashiri, ni lazima asikilize. Wakigeuka na kuona michoro yao, wanacheka, na safari hii wanachekea michoro, hakuna anayechekwa kwa matamshi yake. Kwa dakika kumi watoto arobaini wamezungumza kwa wakati mmoja. Kwa utaratibu wa mwalimu kuuliza na mmoja kujibu, wasingefika hata kumi.

Kusoma hadithi kwa starehe kumepimwa kuliko mengi ya haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250, vyenye picha na visa vya kuvutia, katika kila moja ya shule kadhaa za vijijini visiwani Fiji, ambako watoto walijifunza Kiingereza kama lugha ya pili na vitabu vilikuwa haba. Wengine walisoma kimyakimya kila siku, wengine walisomewa na mwalimu na kuzungumzia hadithi. Baada ya miezi minane maendeleo yao ya kusoma yalikuwa mara mbili ya yale ya kawaida, na mwaka uliofuata faida ikaonekana hata katika kuandika na sarufi ambayo hawakuwa wamefundishwa zaidi ya wenzao.

Sisi tuna vitabu vya namna hiyo. Richard Mabala, Mwingereza wa kuzaliwa aliyekuja kufundisha Tanzania miaka ya 1970 na kubaki, aliandika Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer kwa Kiingereza ambacho mtoto wa kidato cha kwanza anakiweza, na kwa mambo anayoyajua. Dereva wa basi mwanamke ni kisa ambacho darasa lolote lingebishana nacho hadi kengele. Yanayotokea katika shule nyingi yanasikitisha. Nakala ni chache, basi mwalimu anaandika ubaoni muhtasari, wahusika na dhamira, na mwanafunzi anakariri dhamira za kitabu ambacho hajawahi kukigusa. Wengine hununua vijitabu vya muhtasari. Raha imeondolewa, zimebaki alama. Nusu saa kwa wiki mwalimu akisoma kwa sauti nakala moja aliyonayo, akikatiza pale kisa kinaponoga, ingefanya zaidi ya kurasa zote za dhamira.

Kuhusu mdahalo, ambao shule zetu hujivunia, nina mashaka. Ijumaa mchana mamia ya wanafunzi huketi kusikiliza wasemaji wanne wakisoma hotuba walizoandikiwa, kuhusu fedha na elimu kipi bora. Mada hiyo imechoka. Hakuna anayesema analoliamini. Mdahalo ungezaa matunda kama ungefanywa darasani wawiliwawili, kwa jambo linalowagusa, kama vile simu ziruhusiwe bwenini au la, kila mmoja akipewa dakika nne, kisha ajieleze upya kwa mwenzake mwingine kwa dakika tatu, kisha kwa wa tatu kwa dakika mbili. Mbinu hiyo ilielezwa na Keith Maurice mwaka 1983 na kuenezwa na Paul Nation wa New Zealand. Kurudia jambo lilelile kwa msikilizaji mpya kunamfanya mtu azidi kusema kwa wepesi, na anahisi mwenyewe kwamba ameboreka. Kwa aliyekata tamaa, hakuna dawa kubwa kuliko kujiona akiboreka ndani ya kipindi kimoja.

Lazima niseme pia kwamba shughuli nazo zinaweza kuvunja moyo. Kundi la watu kumi humfanyisha kazi mmoja na kuwaacha tisa wasinzie. Mchezo usio na lengo huwakera wanafunzi wa kidato cha nne, ambao wanahesabu miezi iliyobaki kabla ya mtihani, na wana haki ya kukereka. Mwalimu awaambie waziwazi kwamba habari ya basi la Mikumi ni mazoezi ya wakati uliopita na ya ufahamu, na wataukuta wakati huo kwenye karatasi yao. Kusahihisha kila kosa papo hapo kunaua mazungumzo. Ni afadhali mwalimu azunguke akiandika makosa kwenye kijidaftari chake, kisha mwishoni ayaandike ubaoni bila majina. Na Kiswahili kisifukuzwe. Wanafunzi wawili wakipewa dakika mbili za kupanga kwa Kiswahili wanachotaka kusema, Kiingereza chao baada ya hapo huwa na mawazo ndani yake. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell, katika kitabu chao cha 1997 kuhusu janga la lugha nchini Tanzania, walionya kwamba tunachanganya kujua Kiingereza na kuelimika. Darasa la Kiingereza lenyewe linapaswa kuwa mahali pa kwanza pa kuacha mchanganyiko huo.

Mwalimu je? Mtaala wa 2005 ulitaka ufundishaji unaojenga umahiri na kumshirikisha mwanafunzi. Walimu wengi waliupokea kupitia semina za siku chache, wakihutubiwa kuhusu ushirikishwaji huku wao wamekaa kimya. Wengi wao walipita katika mfumo huuhuu, na Kiingereza chao wenyewe kinawatia wasiwasi. Mwalimu asiyejiamini hushikilia ubao, kwa sababu kwenye noti hakuna swali la ghafla. Mkaguzi akija hutazama andalio la somo, azimio la kazi na wingi wa mazoezi yaliyosahihishwa. Kipindi cha kelele huenda kikamgharimu. Nimewasikia walimu wakisema wangependa kujaribu na wanaogopa kuonekana wanacheza. Ukitaka darasa lenye hamu, mpe kwanza mwalimu ruhusa.

Kuna kizuizi kingine ambacho mwalimu peke yake hawezi kukiondoa. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa karatasi tupu, hauna dakika hata moja ya kuzungumza wala kusikiliza. Kenya wanapima stadi za mazungumzo katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, nao kwa maandishi: mtahiniwa anaandika jinsi ambavyo angetamka au angejibu. Kisichopimwa hakifundishwi, na mtoto anayeona kwamba miaka minne ya Kiingereza haikumdai hata siku moja aongee na mtu, ana haki ya kuhisi kwamba amefundishwa kitu kingine.

Sitarajii mtihani wa mdomo wa kitaifa kwa mamia ya maelfu ya watahiniwa. Inawezekana, hata hivyo, kuanza na upimaji endelevu unaofanywa na shule. Naomba Baraza la Mitihani na Taasisi ya Elimu Tanzania waweke humo alama za kuzungumza kuanzia kidato cha kwanza, hata kama ni chache, na wawape walimu mwongozo mfupi wa namna ya kuzitoa kwa wanafunzi wakiwa wawiliwawili. Wakaguzi waelekezwe kuhesabu ni wanafunzi wangapi walizungumza katika kipindi, pamoja na kuhesabu mazoezi. Vibao vya shingoni vipigwe marufuku kwa waraka unaotaja jambo hilo kwa jina. Na wewe mwalimu, ambaye huna haja ya kusubiri waraka wowote, kipindi chako cha Jumatatu geuza nusu ya darasa mgongo ubaoni, uchore nyumba, na juu ya paa umweke mbuzi.